Bodi ya Wakurugenzi Bado Iko Harusini

Shikamoo Bi Najma,

Naomba unisaidie kupitia safu yako gazetini kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi bodi ya wakurugenzi ya kampuni yangu inakuja nyumbani kwangu Tabata kuisuluhisha ndoa yangu, na mke wangu ameshateremsha begi, na mimi kilichonipeleka kwenye kikao kilichoamua hivyo kilikuwa nguzo za turubai tu, wala si ndoa.

Nianze mwanzo ili unielewe. Mimi naitwa Praygod, ni mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya kukodisha maturubai na viti vya shughuli, inaitwa PraHope, yaani Praygod na Hope, na Hope ndiye mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi, na jina hilo hatukulichagua sisi, lilichaguliwa na kamati ya harusi yetu, kwa sababu kampuni yenyewe ilizaliwa na kamati ya harusi. Tulipooana, sasa ni mwaka wa nne, ulikuwa ule msimu ambao kila mtu Dar anaoa, viti vya kukodi havipatikani hata kwa kulia, ndipo mwenyekiti wa kamati, Mzee Theonest, mwalimu mkuu mstaafu anayekaa Mabibo, akasema kwa nini tukodi wakati tunaweza kununua, wajumbe wakapiga makofi, tukanunua viti na maturubai mawili, na harusi ikafana mpaka leo watu wanaisimulia. Ikafika siku ya kuvunja kamati, mbuzi ameshachomwa, soda ziko kwenye barafu, Mzee Theonest akasimama kusema neno la kutuvunja, akaviangalia vile viti vimepangwa ukutani, akaliacha neno katikati, akasema, “Ndugu wajumbe, hivi kweli tuvunje kitu kizuri namna hii?” Wajumbe wakasema hatuvunji, mbuzi akaliwa kwa furaha ya kuzindua kampuni, na kamati yote ikawa bodi. Unaona mwenyewe tulianza kwa upendo.

Bodi si kubwa. Ukimtoa mwenyekiti yuko Bi Mwajabu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anauza vitunguu kwa jumla soko la Mabibo, ndiye aliyekuwa kamati ya chakula na mpaka leo kwenye bodi ni mjumbe wa chakula ingawa kampuni haipiki. Yuko Badru, rafiki yangu tangu sekondari, aliyekuwa MC wa harusi, na mpaka leo ni mjumbe wa hamasa. Na yuko shangazi Tusajigwe, shangazi yake Hope, ambaye aliwakilisha upande wa binti na mpaka leo anawakilisha upande wa binti, kwa hiyo kura zikipigwa yeye na Bi Mwajabu wanakuwa upande wa binti, mimi na Badru upande wa bwana harusi, zinalingana kila mara, na Mzee Theonest, ambaye kwa cheo chake ndiye angeamua, anasema yeye ni mwenyekiti wa pande zote mbili na hawezi kuumiza familia yoyote. Hope hayumo, maana shangazi alisema tangu mwanzo kwamba bibi harusi hakai kwenye kamati.

Tunakutana kila mwisho wa mwezi katika ukumbi mdogo wa nyuma ya baa moja hapahapa Tabata, uleule wa vikao vya harusi, kikao kinaitwa saa nane na kinaanza saa kumi, shangazi anafungua kwa sala ndefu, Bi Mwajabu naye anaomba dua ili asionekane amezembea, halafu kila mtu anajitambulisha jina lake na uhusiano wake na maharusi, watu watano ambao tunajuana mpaka saizi za viatu. Mimi siingii na wenzangu, nasubiri nje mpaka Badru aniite, ninaingizwa kwa wimbo, nakaa kwenye kiti changu chenye kitambaa cheupe na utepe wa dhahabu, lakini hiyo siyo ishu, ni heshima tu waliyozoea kunipa na sioni ubaya wake. Kisha kinakuja chakula, na tukishakula pilau la Bi Mwajabu mwenyekiti anasinzia, na kwa kuwa alikuwa mwalimu mkuu hakuna mwenye ujasiri wa kumwamsha, tunabaki tunanong'ona mpaka aamke mwenyewe. Akiamka anauliza, “Tumefika wapi?” Badru anamjibu, “Pazuri, mzee!” na tunapiga makofi ya kilo, yale mazito ya sherehe.

Sasa Bi Najma, tangu vikao vya harusi ajenda namba tatu ilikuwa Maendeleo ya Maharusi, na haikuwahi kuondolewa. Mwanzoni ulikuwa utani mtamu, nasimama nasema maharusi wanaendelea vizuri, wanapiga makofi, nakaa. Mwaka wa pili shangazi akauliza, “Baba, mjukuu lini?” na mimi nikajibu kama mkurugenzi anavyojibu, nikasema, “Shangazi, suala liko kwenye mchakato,” wakapiga makofi. Kikao kilichofuata suala likaingia kwenye yatokanayo. Kilichofuata tena, Mzee Theonest akauliza, kwa nia njema kabisa, kama linaweza kuwekwa kwenye mpango kazi wa robo ya tatu, Badru akaunga mkono hoja, na likawekwa. Robo ya tatu ikapita, nikatakiwa kutoa maelezo kwa nini lengo halijafikiwa. Bi Mwajabu akampelekea Hope majani ya kuchemsha, akamwambia asiogope kuyanywa kwa kuwa yameidhinishwa na bodi.

Muda wote huo nguzo za maturubai zinaliwa na kutu. Hoja ya kununua nguzo mpya nimeileta tangu masika ya mwaka jana, iko ajenda namba saba, na kampuni yetu haijawahi kufika ajenda namba saba. Mwezi uliopita tukapeleka turubai kwenye sendofu moja Boko, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, shughuli imepamba moto, MC wao anawaita wazazi wa binti mbele, nguzo ya kati ikapinda polepole, wala haikuanguka kwa kishindo, ilikaa chini kama mtu aliyechoka, na turubai likawashukia wageni wote pamoja na keki yao. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Yule MC aliendelea kusikika kutoka chini, “Wageni waalikwa tulieni, hii ni sehemu ya ratiba,” na bibi yake yule binti akatoka upande wa nyuma kwa kutambaa, sahani yake ya pilau mkononi haijamwagika hata punje, akaniangalia akaniuliza, “Kijana, hili turubai limekufa leo au lilikufa zamani?” Bi Najma, nilichompa ni kiti.

Nikaitisha kikao cha dharura, nikatangaza kwamba safari hii hakuna chakula, Bi Mwajabu akaleta. Tukasali, tukajitambulisha, tukala, mwenyekiti akasinzia akaamka, akasema, “Wajumbe, turubai haliwezi kuanguka hivihivi.” Nikasema ndiyo mzee, nguzo zile. Akasema, “Tulia bwana harusi. Nyumba isipotulia na kazi haitulii.” Shangazi akasema, “Kabisa, mwenyekiti, hapo umesema.” Badru, ambaye ni upande wangu, upande wangu Bi Najma, akasimama akasema, “Mie namwonaga braza, anafunga kamba lakini akili haipo, ana stresi za home.” Bi Mwajabu akauliza, “Na hawa wakija kuachana, jina la kampuni tutalifanyaje? Tutabaki na Pra?” Hapo wakaogopa kwelikweli, na kwa mara ya kwanza tangu kampuni ianze pande zote mbili zikapiga kura moja, kwamba Jumamosi ujumbe wa bodi uje nyumbani kwa maharusi kusuluhisha, na wajumbe wavae sare za harusi. Nikauliza, na nguzo? Mwenyekiti akasema zitaingia kwenye mengineyo, halafu akafunga kikao bila mengineyo kwa sababu muda ulikuwa umekwenda.

Hope aliambiwa na Bi Mwajabu asubuhi yake, kwa kupitia juu ya ukuta, kwamba ajiandae kwa wageni. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kuanzia. Aliteremsha begi lake kutoka juu ya kabati, akalipangusa vumbi, akaniambia, “Waje. Nitawapikia, nitawaandalia, wakishakula nitaondoka nao, shangazi si ni upande wangu, atanisindikiza.” Nikamwambia, Hope, ina maana unaniacha? Akasema, “Wewe sikuachi. Naiacha kamati. Lakini nyie mnaishi pamoja, sasa mie nitawatenganishaje?”

Nisaidie Bi Najma, nifanye nini bodi yangu iwe bodi kama bodi za watu, vikao vianze kwa saa na viishe na maamuzi, na nifanye hivyo bila kuwaudhi hawa walioniozesha, maana bila wao nisingekuwa na mke wala kampuni, na sasa naona kwa mikono yao hiyohiyo navikosa vyote viwili. Nampenda mke wangu. Mzee Theonest nampenda pia, na namwogopa.

Wako mwenye kuhangaika,
Bwana Harusi, Tabata.

BI NAJMA ANAJIBU

Marahaba, Praygod. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu mpaka mhariri akaja kuchungulia kama nimepatwa na kitu. Mara ya pili sikucheka, na nitakuambia kwa nini, lakini kwanza niache nikuseme kidogo maana umenikera.

Tazama ulivyojisaini. “Bwana Harusi, Tabata.” Mwanaume mzima, mwaka wa nne wa ndoa, una kampuni, una wateja, una nguzo zenye kutu, na bado ni bwana harusi! Unasubiri nje ya ukumbi uitwe, unaingizwa kwa wimbo, unakalia kiti chenye utepe, halafu unaniandikia kwamba hiyo siyo ishu. Ndiyo ishu yenyewe hiyo. Unawalalamikia wazee kwamba wamegoma kutoka harusini, na wewe mwenyewe hujashuka jukwaani. Mkurugenzi gani anaingia kikaoni kwa wimbo? Unapenda, Praygod. Kubali kwamba unapenda, tutakwenda haraka.

Sasa lile lililonifanya nisicheke. Nani alisimama akasema suala liko kwenye mchakato? Siyo shangazi, yeye aliuliza tu kama mashangazi wote wanavyouliza, na ulikuwa na uwezo wa kumjibu, “Shangazi, hilo ni la chumbani,” yakaisha. Siyo Badru. Ni wewe. Jambo ambalo mkeo pengine analilia bafuni huku amefungulia bomba ili usimsikie, wewe umelitolea taarifa nyuma ya baa, ukapigiwa makofi, ukakaa. Wakaliwekea robo ya mwaka, ukanyamaza. Mtu akamletea majani ya bodi mpaka nyumbani kwake mwenyewe, na hilo pia ukanyamaza. Umenieleza bibi wa Boko alikuangaliaje, umenieleza sahani yake ilikuwaje, lakini katika barua yote hiyo hakuna mahali umeandika kwamba ulikaa na Hope ukamuuliza yeye anajisikiaje. Nimeitafuta sentensi hiyo. Haipo. Nimeona aibu kwa niaba yako.

Basi, nimeshakusema, sasa tukae tuongee.

Hao watu wako siyo wabaya. Mie nimekaa kamati za harusi Temeke, Kinondoni, Mbagala kote huko, kabatini nina vitenge vya sare za maharusi ambao wengine leo nikikutana nao sokoni siwajui. Kwa hiyo najua kamati inavyowafanya watu. Mzee amestaafu, kengele hazilii tena kwa amri yake, siku zinapita hakuna anayemuuliza chochote, mara anapewa uenyekiti, anavaa suti, akifungua mdomo watu wananyamaza. Mama wa vitunguu anaitwa mheshimiwa mjumbe. Shangazi anapewa kiti cha ukoo mzima. Wakafanya kazi usiku na mchana, ikafana, na kila mtu akasema imefana. Nani anataka kuondoka mahali kama hapo? Hata mie nisingeondoka. Ndiyo maana huwa tunawaondoa kwa heshima, kwa mbuzi na soda na neno la shukrani, tunawaambia waziwazi kwamba kazi mliyotumwa imekamilika, hawa maharusi sasa ni wa kwao wenyewe, kila mtu arudi nyumbani kwake.

Hiyo ndiyo kazi ya kuvunja kamati, Praygod, na yenu haikuvunjwa. Umeniandikia mwenyewe ukapita haraka, ukaniambia eti mlianza kwa upendo. Mzee alisimama kulisema neno hilo, akaviona viti, akaliacha njiani, na yule mbuzi mkamla kwa shughuli ambayo siyo yake. Tangu siku hiyo hujawahi kuwa na bodi. Una kamati ya harusi iliyosajiliwa, na inafanya kazi yake vizuri sana! Kila mwisho wa mwezi wanakuja kuhakikisha maharusi wako salama, chakula kipo, hamasa ipo, pande mbili zimeheshimiwa. Nguzo hawakutumwa. Utaandika ajenda mpya mpaka wino uishe, utanunua kengele, utaweka saa ukutani, hawatabadilika, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ile kazi ya kwanza imekwisha.

Kwa hiyo Jumamosi usiizuie. Wacha waje na sare zao, zitafaa.

Ila leo hii, ukishaliweka chini gazeti hili, nenda kwa Hope, na usianze na kampuni. Mwombe radhi kwa ajenda namba tatu. Usimwambie imeahirishwa, mwambie imefutwa, na kwamba hutaijibia tena popote, hata akiuliza mama yako mzazi. Kisha nyamaza umsikilize, na akilia usimwambie anyamaze. Baada ya hapo ndipo umwombe akae nawe Jumamosi kwa jambo moja nitakalokueleza. Umwombe, sijasema umwamuru. Akisema hataki, lile begi mbebee wewe mwenyewe mpaka huko anakokwenda, umuage vizuri, halafu urudi uwapokee wazee peke yako na ufanye haya haya.

Kesho nenda Mabibo kwa Mzee Theonest. Nenda bila Badru, nisikuone na Badru. Mpe mzee shikamoo yake, kaa chini, mwambie, “Mzee, siku ile kuna neno ulilianza hukulimaliza. Nakuja kukuomba Jumamosi ulimalize.” Usiongeze kitu. Umesema unamwogopa, lakini mwalimu mkuu hawezi kukataa kumalizia sentensi yake. Na kama machozi yatamlengalenga, angalia pembeni, atajifuta.

Nunua mbuzi mwingine. Apike mtu yeyote isipokuwa Bi Mwajabu, maana siku hiyo yeye ni mgeni, mkalishe, mnawishe mikono, aletewe sahani na yeye angalau mara moja. Wakishashiba asimame Hope kama amekubali, awashukuru mmoja mmoja kwa majina na kwa kazi aliyoifanya kila mmoja. Siyo wewe. Wewe umeshaongea vya kutosha miaka yote hii, na shukrani ya bibi harusi hawajawahi kuisikia, mlimnyima nafasi yake siku ile mkawa mnazindua makampuni. Kama hayupo, washukuru wewe, kwa kifupi. Halafu mzee alimalize neno lake. Akisema kamati imevunjwa, pigeni hayo makofi yenu ya kilo kwa mara ya mwisho, na mtu wa kwanza kusema “lakini viti” mnyime mfupa.

Bodi ianze Jumatatu, na hapo sina utani. Msikutane nyuma ya baa, mkutane stoo yenu, zile nguzo zenye kutu zikiwa zimelazwa mbele ya miguu ya wajumbe wazione. Kila mmoja awe amepelekewa ajenda siku kadhaa kabla, na kilicho kizito kikae juu. Kinachoweza kumwangukia bibi wa watu kinakuwa ajenda ya kwanza, hakingoji namba saba. Kikao kiitwe saa nne kianze saa nne, akidi ikitimia msimngoje mtu, atakayechelewa aingie kimya na atafute pa kukaa. Sala fupi, dua fupi, Mungu anawajua. Kujitambulisha marufuku! Kila mtakalokubaliana liandikwe pamoja na jina la atakayelifanya na siku ya kulimaliza, na kikao kinachofuata kinaanza kwa kumuuliza huyo mtu, siyo kuuliza habari za nyumbani kwake. Na chakula kiwepo, nisiwakatili, ila kikae pembeni kimefunikwa mpaka uamuzi wa mwisho. Pilau likinukia karibu utashangaa wajumbe wanavyoamua haraka, na mwenyekiti hatasinzia kabla ya kula.

Habari za upande wa binti na upande wa bwana harusi zibaki kwenye albamu ya picha. Changanyeni viti, shangazi asikae jirani na Bi Mwajabu. Kura zikilingana mwenyekiti anaamua, ndiyo maana akaitwa mwenyekiti, na kama Mzee Theonest bado anaogopa kuumiza familia, mweleze kwamba hakuna familia iliyo karibu kuumia kama ile itakayokuwa chini ya turubai lenu linalofuata. Badru mtoe kwenye hamasa, mtume akatafute wateja, mdomo ule usipotee bure kwenye kikao cha watu watano.

Na Hope. Kampuni imelibeba jina lake nusu nzima na haijawahi kumpa hata kiti kimoja, nanyi mna stoo iliyojaa viti! Mwulize kama anataka kuingia kwenye bodi. Akitaka, aingie kwa kura yake mwenyewe, asiwe upande wa mtu. Akisema hataki hata kuisikia, basi na jina lake mrudishieni, muiite kampuni hata Viti na Nguzo, wateja watakuja tu mradi nguzo zisimame. Sijui atachagua lipi, na wewe usimsukume.

Kuna Boko pia, usijifanye umesahau. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe wa bodi, na uanze na yule bibi. Alikuuliza swali ukampa kiti. Mpe jibu lake, mwambie lilikufa zamani, na kwamba mlikuwa mnapiga makofi.

Mwisho ni kile kiti chako. Kivue kitambaa leo leo, ule utepe utupe. Jumatatu ingia kwa miguu yako bila wimbo, ukalie kiti cha plastiki kama wanavyokalia wateja wako. Harusi yako ilifana, mwanangu, hakuna anayebisha. Imekwisha. Begi likirudi juu ya kabati niandikie mstari mmoja tu, na usijisaini Bwana Harusi.